Moto wa Msitu Haungoji Vikao

Kila mwaka, mvua za masika zinapokwisha na majani kuanza kugeuka rangi, misitu ya Kaskazini ya nchi yetu huingia katika kipindi cha hatari. Kuanzia Julai hadi Oktoba, kabla ya mvua za vuli kufika, miteremko ya Mlima Kilimanjaro hukauka, upepo huongezeka, na nyasi zilizostawi kwa mvua hugeuka kuni zinazongoja mtu wa kuziwasha. Kipindi kingine cha ukavu huja Januari na Februari. Jambo hili si siri. Mkulima wa Rombo analijua, mpagazi wa Marangu analijua, na mtaalamu wa hali ya hewa analijua. Hata hivyo, kila moto mkubwa unapozuka tunasikia ukiitwa janga la ghafula. Leo tunapenda kusema waziwazi kwamba janga ambalo kila mtu anaujua mwezi wake haliwezi kuitwa la ghafula.

Tukumbushane yaliyotokea. Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka mahali paitwapo Whona, katika njia ya kupandia mlima kutoka Marangu, baina ya vituo vya Mandara na Horombo. Taarifa ya awali ya Shirika la Hifadhi za Taifa ilieleza kwamba moto huo ulitokana na kupashwa moto chakula na watu waliokuwa wakiwahudumia wageni. Kutoka katika jiko moja la safarini, moto ukaingia nyasini, ukapandishwa na upepo, ukasambaa. Kwa zaidi ya wiki moja mamia ya watu walipanda kuukabili: askari wa hifadhi, wazima moto, wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wanavijiji wa kando ya mlima. Wengi wao silaha yao ilikuwa panga na tawi bichi la mti. Ulipozimwa, kilomita za mraba 95.5 za uoto zilikuwa zimeteketea.

Kwa sisi wa visiwani, tukitaka kuufahamu ukubwa wa eneo hilo, na tulinganishe na ardhi tunayoijua. Ni karibu sehemu moja ya kumi ya kisiwa kizima cha Pemba. Yote hayo kwa ajili ya sufuria moja iliyobandikwa mahali pasipostahili.

Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Oktoba 2022, mlima uliwaka tena, safari hii karibu na kambi ya Karanga. Mwezi ni uleule, ukavu ni uleule, upepo ni uleule. Watu wakapanda tena na mapanga na matawi yao. Ujasiri wa watu hao tunausifu na tutaendelea kuusifu. Lakini ujasiri wa mwananchi haupaswi kuwa badala ya matayarisho ya kiongozi.

Huenda wapo watakaouliza: Kilimanjaro iko mbali, kuna bahari baina yetu na mlima huo, basi moto wake unatuhusu nini? Swali hili linastahili jibu la dhati, kwa sababu jibu lake limo majumbani mwetu.

Watu wengi hudhani kwamba maji ya Kilimanjaro hutoka katika theluji ya kileleni. Sivyo. Sehemu kubwa mno ya maji yake hutoka katika ukanda wa msitu. Miti ya juu hukamata ukungu unaopita, ukungu huo hugeuka matone, matone huteremka mashinani, na ardhi yenye mboji huyahifadhi na kuyatoa kidogo kidogo mwaka mzima. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2016 ilieleza kwamba tangu 1976 mlima huo ulikuwa umepoteza hekta 13,000 za msitu, na kwamba moto ni miongoni mwa sababu kubwa. Ripoti hiyo ililinganisha hasara hiyo na kuwanyima watu milioni moja maji yao ya kunywa ya mwaka mzima. Msitu ukiungua mara moja unaweza kurudi. Ukiunguzwa mara kwa mara, mahali pa miti hubaki vichaka vifupi ambavyo haviwezi tena kuuchuja ukungu. Ndiyo sababu mpaka wa juu wa msitu wa Kilimanjaro umeshuka kwa mamia ya mita.

Maji ya mlima huo na ya Mlima Meru huteremka kwa mito ya Ruvu na Kikuletwa, hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hushika Mto Pangani hadi baharini, mkabala na visiwa vyetu. Njiani maji hayo hunywesha mashamba ya miwa na mpunga, na juu yake imejengwa mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Maporomoko ya Pangani. Na tangu 2010 kisiwa cha Pemba kimeunganishwa na gridi ya Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, mwendo wa karibu kilomita 80. Unguja nayo hupata umeme wake kutoka Bara kwa njia ya namna hiyohiyo. Gridi ni moja na ina vyanzo vingi, lakini kila chanzo kinachodhoofika ni mzigo kwa vilivyobaki. Kwa hiyo mvuvi wa Wete anayehifadhi samaki wake katika barafu, na mwanafunzi wa Chake Chake anayesoma usiku kwa taa, wote wana dhamana yao katika msitu ule. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Katika jambo hili, wa kwao ni sisi sote.

Madhali hatari inajulikana na hasara inajulikana, swali linalobaki ni la wajibu. Nani anayewasha moto, na nani anayepaswa kuuzuia?

Kwa miaka mingi jibu limekuwa jepesi. Moto ukizuka, kidole huelekezwa kwa mrina asali, kwa mfugaji na kwa mwindaji haramu. Hatusemi kwamba watu hao hawana taksiri. Mrina asali anayeingia msituni na mwenge wa kufukuza nyuki, kisha akautupa bila kuuzima, amewasha moto hata kama hakuukusudia. Mtu anayechoma nyasi ili majani mabichi yaote kwa ajili ya ng'ombe wake, ilhali upepo unavuma kuelekea msituni, anafanya kosa la wazi. Lakini moto wa 2020 unatufundisha kwamba si kila mwenge umebebwa na mnyonge. Safari yule aliyetajwa alikuwa ndani ya shughuli halali, katika njia rasmi, akihudumia biashara ya utalii inayoliingizia taifa fedha nyingi. Kiongozi anayemtuhumu mwanakijiji kabla ya uchunguzi hufanya makosa mawili: humdhulumu asiye na hatia, na huuacha mlango wa kweli wa moto ukiwa wazi.

Liko jambo jingine linalopasa kutazamwa kwa insafu. Tangu 1941 vijiji vya Kilimanjaro vilitengewa ukanda wa msitu wa upana wa nusu maili, ambamo wananchi walipata kuni, majani ya mifugo na miti ya kujengea. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa, na ukanda huo nao ukawa chini ya sheria za hifadhi. Nia ilikuwa kuulinda msitu, na ulinzi ulihitajika. Lakini wanawake waliozoea kuokota kuni pale wakajikuta wanaitwa wavunja sheria. Kisha moto unapozuka, watu walewale waliozuiwa kuingia msituni ndio wanaoitwa waingie kuuzima. Hatuandiki haya ili kuchochea ugomvi baina ya wananchi na hifadhi. Tunayaandika kwa sababu mtu huulinda kwa moyo msitu anaouhesabu kuwa ni amana yake, na huutazama tu ukiungua msitu anaouhesabu kuwa ni wa wengine.

Sasa tutazame nini kinaweza kufanywa. Tunaanza na tahadhari, kwa kuwa hapo ndipo palipo na upungufu mkubwa na gharama ndogo.

Nchi ya Kanada, yenye misitu mikubwa ya kaskazini ya dunia, hupima hatari ya moto kila siku katika majira ya ukavu. Vipimo vinavyotakiwa ni vinne tu: joto, unyevu wa hewa, kasi ya upepo na kiasi cha mvua. Kutokana na hivyo wataalamu huhesabu jinsi nyasi na mboji zilivyokauka, kisha huitangaza hatari kwa daraja. Hatari ikifika daraja la juu, moto wa wazi hupigwa marufuku katika eneo linalohusika, na kila mtu anajua. Utaratibu huo umeigwa na nchi nyingi nyingine. Vipimo hivyo vinne si vigeni kwetu. Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa huvichukua. Kinachotakiwa ni kuvigeuza kuwa tangazo la hatari ya moto linalosomwa redioni, linalobandikwa katika malango ya hifadhi, na linalomfikia mwenyekiti wa kijiji siku hiyohiyo.

Wala tusidanganyike kwamba vifaa peke yake vinatosha. Kanada hiyohiyo, pamoja na ndege zake na utajiri wake, mwaka 2023 iliunguliwa na takribani hekta milioni 15, eneo linalozidi mara 50 ardhi ya Unguja na Pemba kwa pamoja. Zaidi ya watu 200,000 walihamishwa makwao, na moshi wake ulifika hadi New York. Funzo ni kwamba moto ukishakua na dunia ikizidi kuwa na joto, hata tajiri hushindwa. Lakini kuna tofauti moja iliyo kwa manufaa yetu. Kule sehemu kubwa ya misitu huwashwa na radi, na radi haizuiliki. Kwetu aghalabu moto huwashwa na mkono wa mtu, na mkono wa mtu unaweza kufundishwa, kusaidiwa na, ikibidi, kuzuiwa.

Na asije akasema mtu kwamba mambo haya ni ya nchi za milima na misitu mikubwa, visiwa vimesalimika. Asubuhi ya tarehe 8 Agosti 2023, katika kisiwa cha Maui cha Hawaii, waya za umeme zilizoanguka ziliwasha nyasi pembeni mwa mji wa Lahaina. Wazima moto walifika, wakauzima, wakakaa kwa muda, kisha wakaondoka wakiamini kazi imekwisha. Alasiri masalia ya moto uleule yalifufuka. Upepo mkali uliusukuma kupitia nyasi za mashamba ya miwa yaliyoachwa bila kulimwa, ukaingia mjini. Ving'ora vya tahadhari havikulizwa. Watu waliokosa njia walijitosa baharini. Waliokufa walikuwa 102. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kisiwa kina fadhila zake nyingi, lakini siku ya moto kina kasoro moja: nchi kavu ya kukimbilia huisha upesi.

Hapo ndipo tunapoigeukia nyumba yetu wenyewe. Kaskazini ya Pemba, katika Wilaya ya Micheweni, umo Msitu wa Ngezi, masalio ya msitu mnene ambao zamani ulienea sehemu kubwa ya magharibi ya kisiwa. Humo huishi popo wa Pemba, mnyama asiyepatikana mahali pengine popote duniani, na huota mpapindi, mti ulio fahari ya kisiwa hiki. Wengi wetu huudhani msitu wa Ngezi kuwa ni wa maji na unyevu tu, hauwezi kuungua. Lakini ndani ya Ngezi kuna eneo la mchanga lililoota vichaka vya jamii ya Erica, jamii ileile ya miti midogo yenye majani membamba iliyoungua juu ya Kilimanjaro. Mimea hiyo huwaka hata ikiwa mibichi. Huko Unguja nako, Jozani na misitu ya maweni imezungukwa na vijiji ambavyo wakulima wake hufyeka na kuchoma kila msimu. Wakati wa kaskazi, jua linapokuwa kali na majani makavu, hatari yetu ni ileile. Kilichotofautiana ni ukubwa wa msitu tu. Na msitu mdogo, ukiungua mara moja, hauna akiba ya kujirudishia.

Kutokana na hayo tuna maneno ya kuwaambia wenye madaraka, wa Bara na wa Visiwani.

Kwanza, matayarisho ya moto yafanywe kabla ya msimu wa moto. Njia za kuzuia moto, yaani mikanda iliyosafishwa nyasi ili moto ukose chakula, zilimwe masika yanapokwisha na si moshi unapoonekana. Fedha za kazi hiyo zinazotolewa Oktoba ni fedha za mazishi. Tunashauri kila mkuu wa wilaya yenye msitu aulizwe ifikapo Agosti: umelima njia ngapi, zana zako ziko wapi, na watu wako wamefundishwa lini?

Pili, zana ziwekwe karibu na msitu. Bomba la maji la kubeba mgongoni lililofungiwa katika bohari ya mjini halizimi moto ulio mlimani mwendo wa siku moja kwa miguu. Vijiji vilivyo kando ya misitu, na shehia zetu pia, vipewe zana chache zilizo madhubuti, na vipewe mtu wa kuzitunza.

Tatu, wanaofanya biashara juu ya mlima wabebe dhamana ya moto wa biashara hiyo. Mapishi yafanyike mahali palipotengwa, kwa majiko yaliyokubaliwa, na kampuni inayoajiri wapagazi iwajibike kwa kuwafundisha na kuwapatia majiko hayo. Haifai mpagazi aliyebeba mzigo wa mgeni kwa ujira mdogo abebeshwe pia lawama peke yake.

Nne, wanaojitolea kuzima moto wapewe chakula, maji, viatu na matibabu, na jamaa zao wahakikishiwe msaada ikiwa watadhurika. Mwananchi anapoitikia wito wa taifa, taifa nalo lina deni kwake.

Tano, uchunguzi wa kila moto mkubwa utangazwe hadi mwisho. Wananchi wakijua chanzo cha moto wa jana watauzuia wa kesho. Wakiachwa na uvumi, watashikana ubaya.

Kwa wananchi wenzetu wa visiwani maneno yetu ni machache. Anayetaka kuchoma shamba amwarifu sheha na jirani zake, achome asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka, asafishe pembe zote kwanza, na asiondoke mpaka ameyagusa majivu kwa mkono na kuyakuta yamepoa. Lahaina imeonyesha kwamba moto unaodhaniwa umekufa ndio unaoua. Mrina asali auzime mwenge wake kwa maji au mchanga. Mvutaji sigara asitupe kichungi nyasini. Na wazee wanaojua mwelekeo wa pepo za mahali pao wawafundishe vijana, kwa kuwa elimu hiyo haipatikani katika kitabu chochote cha shule.

Kwa masheha tunaongeza neno moja. Si kazi yenu kungoja barua kutoka wilayani ndipo mwaite watu wa shehia. Mkusanyiko mmoja wa saa moja, uliofanyika mwanzoni mwa kaskazi, wenye kupanga nani atapiga mbiu, nani atabeba maji na nani atawatoa wazee na watoto, una faida kuliko vikao kumi vya tathmini baada ya msitu kuwa majivu.

Tunajua kwamba Serikali ina mambo mengi na mfuko wake una mipaka. Lakini hakuna hata moja kati ya tuliyoyataja linalohitaji ndege wala mkopo. Yanahitaji jembe, panga, redio, orodha ya majina na kiongozi anayetazama kalenda. Mlima Kilimanjaro uliwaka Oktoba 2020, ukawaka Oktoba 2022. Oktoba nyingine zinakuja, na kila moja itatanguliwa na Julai na Agosti zake. Kiongozi mwenye msitu katika eneo lake na apimwe kwa aliyoyafanya katika miezi hiyo, wakati mbingu bado ni safi na hakuna moshi wa kumkumbusha wajibu wake.